Bunduki zilizoshindwa, kwa macho ya fundi wa kukereza

Ndugu wakija kunitembelea hapa Leeds, lazima niwapeleke Royal Armouries, makumbusho ya silaha yaliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea sehemu kubwa ya hazina iliyokuwa imebanana kwenye Mnara wa London. Wengi hukimbilia deraya za wafalme. Mimi riziki yangu ni kukereza vyuma, kwa hiyo navutwa na bunduki za ajabu, hasa zile zilizoshindwa.

Chukua ya James Puckle, mwanasheria wa London aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1718. Ilisimama kwa miguu mitatu, mtutu mmoja, nyuma yake silinda yenye matundu ya risasi, ya kuzungushwa kwa mkono. Mwaka 1722, mvua ikinyesha, ilipiga risasi 63 kwa dakika 7. Hataza yake ilitenga risasi za mviringo kwa maadui Wakristo na za mraba kwa Waturuki! Upuuzi mtupu, ila sidhani huo ndio ulioiangusha. Kila tundu la silinda lilipaswa kukaa sawasawa na mtutu, na enzi hizo vipande vilipigwa tupa kimoja kimoja. Huwezi kulisha jeshi kwa tupa. Wazo lilifika mapema, karakana ikachelewa.

Bunduki ya Nock, fundi wa silaha wa London, yenye mitutu saba inayolipuka kwa pamoja, nitaipita haraka: ilimuumiza bega mpigaji kiasi kwamba mabaharia waliiogopa.

Iliyonikosesha usingizi ni ya fundi Girardoni, ambayo jeshi la Austria liliichukua karibu na mwaka 1780. Haina baruti. Kitako chake ni chupa ya chuma iliyojaa hewa iliyoshindiliwa, na ubavuni mwa mtutu kuna bomba la risasi zipatazo 20. Haitoi moshi wala mwali, na wakati huo askari wa gumegume, bunduki ya kuwashwa kwa cheche za jiwe, alikuwa angali amesimama akishindilia baruti mdomoni mwa bunduki. Shida ni kuijaza: pampu ya mkono, mara 1,500 hivi kwa chupa moja. Nikiwaza kuunga chupa ya namna hiyo isivuje, bila mashine tulizonazo leo, namvulia kofia fundi yule. Ilipoharibika vitani, nani angeitengeneza? Baada ya miongo michache ikaachwa.

Aliyefanikiwa alikuwa mhamiaji. Hiram Maxim alizaliwa Marekani, akahamia London, na mwaka 1884 akaonyesha bunduki iliyotumia msukumo wake yenyewe kutoa ganda na kupakia risasi nyingine, hadi 600 kwa dakika, mtutu ukipozwa kwa maji. Yeye alikuta karakana zilizokwisha kujua kutoa vipande elfu vinavyofanana. Uingereza ikampa cheo cha Sir mwaka 1901.

Wageni wangu hapo husifu akili ya mhamiaji mwenzetu, nami huwapa upande wa pili. Mwaka 1905, vita vya Maji Maji vilipofika boma la Mahenge, Wajerumani walikuwa na bombomu, yaani bunduki za kupiga mfululizo kama ile ya Maxim. Waliolishambulia boma walikuja na mikuki na magobore ya kushindiliwa mdomoni, silaha ambazo Puckle alitaka kuzipita karibu miaka 190 kabla.