Kumbukumbu ya mradi: mbuyu wa Kongwa umepata mwaka

Imekubali! Kifo cha baba yake bibi sasa kina msimu: palizi ya 1948, yaani Januari au Februari. Si 1949 kama ukoo mzima unavyoimba kila msiba. Naandika haraka kabla sijapoa, kwa hiyo msitegemee mpangilio.

Mnaofuatilia mradi huu wangu wa kutafiti ukoo mnamjua mzee wetu. Mgogo, kibarua wa mradi wa karanga wa Waingereza huko Kongwa, alikufa porini wakati wa kufyeka na hakurudishwa nyumbani. Kaburi hatulijui, karatasi hatuna. Tulichokuwa nacho ni sentensi moja ya bibi mzaa mama, ambayo nimeirekodi mara nyingi na haijawahi kubadilika hata neno: "Baba alikwenda karanga, mbuyu ukamlalia."

Kwa nini nimeng'ang'ania mwaka kiasi hiki? Kwa sababu mwaka ndio unaosema mwajiri alikuwa nani. Mradi wa karanga ulianza kazi mwanzoni mwa 1947, Uingereza ikiwa na njaa ya mafuta ya kula baada ya vita. Ujumbe wa Wakefield, uliotumwa na serikali ya Uingereza ukazunguka huku 1946, ulipendekeza kufyeka ekari 3,210,000 kwa miaka sita, ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza peke yake. (Mwaka wa kwanza haikufika hata sehemu moja ya kumi ya hizo. Yeyote aliyewahi kushika panga kwenye kichaka cha Kongwa angewaambia bure.) Serikali ya Uingereza haikuwa na chombo cha kuendesha kazi hiyo, basi ikaikabidhi kwanza kwa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever. Overseas Food Corporation, ambalo wazee wote wa kwetu wanaliita "shirika", lilishika usukani miezi ya mwanzo ya 1948. Kwa hiyo kibarua aliyekufa Januari 1948 na aliyekufa Januari 1949 walikufa katika pori lilelile, pengine chini ya mnyapara yuleyule, lakini majina yao yaliandikwa kwenye vitabu vya waajiri wawili tofauti. Ukitafuta upande usio wake unaambiwa "hayupo", na kweli hayupo.

Na nimeambiwa hivyo sana. Kuna ofisi moja, siitaji, ambako faili lina namba, lina kadi, lina hata nafasi yake kwenye rafu, ila lenyewe halipo. Karani alikuwa mkarimu, akaniletea jirani zake wa kushoto na kulia nijionee. Ripoti za Idara ya Kazi ya Tanganyika zinahesabu ajali kwa jedwali, jina hakuna. Nikapitia nakala kadhaa za gazeti la Mambo Leo za miaka ile nikitumaini japo mistari miwili. Kibarua kulaliwa na mti porini haikuwa habari. Paundi milioni 36 zilizopotea hadi mradi ukafungwa mwanzoni mwa 1951 zimejadiliwa bungeni London mpaka wakachoka, ila mtu wetu hana hata mstari. Hapo huwa nafunga kompyuta na kwenda kutembea.

Sasa kilichofungua mlango.

Bibi ana mdogo wake wa kiume, babu yetu mdogo, aliyezaliwa baba yao ameshakufa. Hilo linajulikana. Ambalo hakuna aliyelitilia maanani ni maneno ambayo bibi huyasema kila mara, na sisi tunayapita kama salamu: kwamba siku mnyapara anakuja na blanketi na sufuria ya marehemu, mama yao alikuwa shambani anapalilia uwele, na "hata mwenyewe alikuwa hajajua ana mimba". Nimekaa na sentensi hiyo kwenye rekodi zaidi ya mwaka, nimeiandika na kuipa kichwa "maelezo ya ziada". Usiku mmoja naisikiliza tena nikiwa natafuta kitu kingine kabisa, nikasimama. Palizi Ugogo ni Januari na Februari. Mimba ambayo mwenyewe hajaijua ni ya miezi miwili, mitatu. Nikipata kuzaliwa kwa babu mdogo, nimempata baba yake.

Cheti cha kuzaliwa cha babu mdogo, kilichotengenezwa ukubwani, kinasema 1950. Msikitumie. Nakisia ni mwaka uliomfaa kuajiriwa.

Bali alibatizwa akiwa mchanga. Wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana, walishakuwa Ugogo tangu karne ya kumi na tisa, na parokia nyingi za Kianglikana upande wetu zimetunza madaftari kuliko ofisi nyingi ninazozijua. Mchungaji wa parokia husika (Mungu ampe maisha marefu) akanikabidhi daftari, meza karibu na dirisha, na chai. Na jina lilikuwepo. Jina la mtoto, la mama, la baba, na pembeni, kwa penseli, mkono wa katekista: baba amefariki Kongwa. Nilimsomea bibi kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza kama katekista ameandika jina la baba yake vizuri. Ameliandika vizuri.

Lakini mwaka! Tarehe ni 19 Desemba, halafu 194, halafu doa. Wino umekula karatasi, chini yake kuna kitu chenye tumbo juu. Nane? Tisa? Kurasa za jirani hazisaidii kwa sababu katekista huyu aliandika mwaka pale alipojisikia, na daftari lilishonwa upya, kurasa zimehamahama. Miaka yote miwili inaingia. Nilipiga picha kwa mwanga wa dirisha, kwa tochi ya pembeni, kwa tochi ya nyuma ya karatasi. Nikacheza na rangi kwenye kompyuta mpaka doa likawa la buluu na halikusema lolote. Mjomba akaiona picha akasema ni tisa. Mama akasema ni nane. Binamu mmoja, ambaye naye ana digrii, akasema ni sifuri.

Jibu lilikuwa kwenye kalenda. Nikachukua tarehe zote za ukurasa ule zenye mwaka unaosomeka, nikazipitisha kwenye kalenda moja baada ya nyingine. Zote ni Jumapili. Huyu bwana alibatiza Jumapili tu, hata mara moja hakuchepuka. Basi: 19 Desemba 1948 ilikuwa Jumapili, ya nne ya Majilio. 19 Desemba 1949 ilikuwa Jumatatu. Nilipiga meza mpaka chai ya mwenzangu ikamwagika. Safu ya umri inasema miezi minne, yaani mtoto ni wa Agosti 1948, mimba ni ya Novemba 1947 hivi, na palizi ya mimba isiyojulikana ni Januari au Februari 1948. Kabla shirika halijapokea kazi, au wakati ule ule linapokea. Ndiyo maana kwenye karatasi za shirika hayupo!

Kuna kingine kinachoingia vizuri. Bibi husema baba yake alirudi nyumbani pamoja na wenzake "kazi iliposimama", akakaa akaandaa shamba, akaondoka mvua za kwanza. Mgomo ulioanzia kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam ulikuwa Septemba 1947 na ukapanda na reli ya kati. Hili naliweka kama kiraka, si ukuta. Ukuta ni ile Jumapili.

Na ile 1949 ya ukoo ilitoka wapi? Nadhani ilitoka kwenye ukame. Mwaka ule mvua iliwakatia karanga zikakauka shambani, na kwa watu wa Ugogo mwaka wa ukame ndio msumari ambao kila kitu hutundikwa. Marehemu mwenyewe tunamhesabu hivyo hivyo, "mtoto wa Mutunya", ile njaa kubwa ya baada ya Vita vya Kwanza.

Sasa tuje kwa mbuyu, maana hapa mjomba amenisumbua kwa miaka.

Mjomba amefyeka mashamba maisha yake yote na haamini. "Mpwa wangu," ananiambia, "mbuyu haumwangukii mtu. Mbuyu unazeeka umesimama, unaoza umesimama, unakaa chini wenyewe kama nyuzi za katani. Huyo alilaliwa na mkakaya au alipigwa na mnyororo, watu wakaona mbuyu unafaa kwa hadithi." Mnyororo anaousema ni kweli ulikuwepo: walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili, yanakwenda sambamba, unaburuta kila kilichosimama katikati. Mitambo yenyewe mingi ilikuwa masalia ya vita. Hata Shervick, trekta lililotengenezwa na Vickers kutokana na kifaru cha Sherman, lilipita pale. Madereva walifundishwa mbiombio. Na nyuma ya mitambo wanakuja watu kwa miguu, na mzee wetu alikuwa mmoja wao, wakikusanya matawi na mizizi, wakipanga matuta ya kuchoma. Kwa hiyo njia za kufa zilikuwa nyingi na mjomba hakosi hoja.

Ila yeye anazungumzia mbuyu unaoachwa ufe kwa raha zake. Mbuyu mkubwa hauna mzizi mkuu wa kushuka chini. Mizizi yake hutambaa mbali, karibu na uso wa ardhi. Shina ni laini, limejaa maji, na mara nyingi lina pango ndani ambalo nyuki wamehamia zamani. Kiangazi udongo wa Kongwa unaganda, na ndio uliotafuna majembe ya matrekta. Hapo mbuyu umeshikwa, usukume utakavyo. Lakini Januari, mvua imenyesha wiki kadhaa, ardhi imelegea, buldoza limeusukuma likauacha likaenda kwenye mwingine, na watu wa miguu wamesogea kukusanya matawi... Nilipompigia mjomba kumweleza msimu, alikaa kimya, akasema, "Kwa mvua, sawa." Kwa wanaomjua mjomba, hiyo ni hati ya mahakama.

Sijathibitisha mbuyu. Nimeondoa tu sababu nzuri ya kuukataa, na sentensi ya bibi isiyobadilika sasa ina uzito kuliko mnyororo wa kubuni. Kwenye kumbukumbu nimeandika: kuangukiwa na mti kazini, mbuyu kwa simulizi ya binti.

Maneno machache ya vifaa, kwa sababu nina hasira navyo. Gramps bado ndiyo programu yangu ya ukoo: ni ya bure, inakaa kwenye kompyuta yangu kuukuu, na inakubali tarehe ya "kati ya hii na hii" bila kununa. Kwenye tovuti za miti ya ukoo mtu anaweka tarehe moja ya kukisia, kisha mwingine anainakili kama Amri Kumi. Pia zinataka jina la ukoo. Sisi mtoto anachukua jina la baba, wa kwake anachukua lake, kwa hiyo tovuti imetugawa vizazi vitatu kuwa familia tatu na kunipendekezea jamaa zangu huko Wales. Kwenye Gramps naliwekea jina aina ya "la baba" na maisha yanaendelea. Na tafadhali msirekodi wazee kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Sauti inabanwa, na ile minong'ono ya mwisho wa sentensi, ambako mambo yote yapo, inapotea. Tumia kinasa sauti cha simu, chagua WAV (faili la sauti isiyobanwa), nunua kadi kubwa. Ile "hajajua ana mimba" ilisemwa kwa sauti ya chini huku bibi akigeuka kumfukuza kuku.

Ratiba inasema mwezi huu nianze upande wa baba, Singida. Sitaanza. Nimeshanaswa na reli: kulikuwa na tawi kutoka Msagali kwenye reli ya kati kwenda Kongwa, lililojengwa kwa ajili ya karanga na kung'olewa baadaye, na jana nilikaa hadi usiku wa manane nikifuata tuta lake kwenye picha za setilaiti. Linapotea kwenye mashamba, linaibuka, linapotea. Mzee alipita humo au alitembea kwa miguu? Kutoka kwao ni safari ya kutembea, lakini blanketi na sufuria vililetwa na mnyapara aliyekuja kwa treni, bibi anasema, na alitaja kituo. Kituo hicho sijakiona kwenye ramani yoyote. Mama ameshauliza mara mbili kuhusu Singida, nimemwambia mtandao unasumbua.

Ombi langu kwa wenye wazee waliofanya kazi Kongwa kabla ya Aprili 1948: kama kuna kipande, barua, hata bahasha tupu iliyobaki sandukuni, naomba mnitazamie imechapwa jina gani juu, la kampuni au la shirika, na kama kuna namba ya kambi. Namba ya kambi ndiyo ninayoitaka zaidi.