Kopi ya Babu

Jumamosi usiku nilikuwa Kijitonyama, kwenye bustani moja ya viti vya plastiki na moshi wa mishkaki. Tulikuwa tunamuaga mwenzetu wa kazini anayehamia Dodoma, kwa hiyo sikwenda kwa ajili ya muziki. Bendi ilikuwepo, vijana wanne na dada mmoja mwimbaji, wanapiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine za zamani, zile ambazo kila bendi ya Dar lazima izijue kwa sababu ikifika saa nne wazee wanaanza kuziomba. Nilikuwa nahangaika na paja la kuku pale yule dada alipoanza Malaika. Taratibu, na gitaa moja tu. Akafika pale. Sote tunapajua pale. Badala ya kusema "ningekuoa", akasema "ungenioa".

Nikaacha kutafuna. Mezani hakuna mwingine aliyeshtuka, walikuwa wanachangia hela ya zawadi. Mimi nilitamani kunyanyuka nikamwite Babu.

Babu alifariki mwaka 2016. Alikuwa fundi cherehani. Alitoka Kilwa akiwa kijana, akapanga Kariakoo, baadaye akajenga Magomeni, nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, na tangu nipate akili mimi namkumbuka barazani, nyuma ya Singer ya miguu, futi kamba shingoni na kipande cha chaki nyuma ya sikio. Dirishani kuna redio ya National iliyofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, na ukingoni mwa baraza betri nne zimeanikwa juani zipate nguvu. (Zilikuwa zinapata kweli. Siku mbili, tatu.)

Mimi alikuwa ananiita "mke wangu", kama babu yeyote wa Pwani na mjukuu wake wa kike. Bibi naye ananiita "mke mwenzangu", na kwa cheo hicho ananituma sokoni. Nikichelewa kurudi na nazi, nasikia kutoka uani: "Mke mwenzangu, huyo mume wetu atakula saa ngapi?"

Sasa, redio ikipiga Malaika ya Miriam Makeba wa Afrika Kusini, Babu anaacha kukanyaga cherehani. Anasikiliza mpaka pale, halafu anacheka mabega yakimtikisika.

"Mke wangu, umemsikia huyu mama? Anaoa!"

Na kweli anaoa. Wimbo ule ni wa mwanamume fukara anayemlilia mwanamke, na ndivyo alivyourekodi Fadhili William wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nani hasa aliutunga, watu wamegombana mpaka leo; wapo wanaomtaja Adam Salim, na Babu alikuwa kambi hiyo, ingawa sababu zake hakuwahi kunieleza. Makeba alipouchukua hakuigusa ile "ningekuoa". Mwaka 1965 uliingia kwenye albamu yake na Harry Belafonte wa Marekani, ile iliyopata tuzo ya Grammy, na dunia nzima ikausikia. Boney M. wakaupiga kwao Ujerumani mwaka 1981. Angélique Kidjo wa Benin akaurudia mwaka 1991. Wanawake hao wote wanaoa. Masikio ya ng'ambo hayawezi kugundua, kwao Kiswahili ni sauti tamu tu inayopita. Lakini kwetu sisi ambao mwanamume huoa na mwanamke huolewa, ni kama kumkuta bi harusi amevaa kanzu na joho, anasubiri kuulizwa na shehe kama amekubali.

Ya Boney M. siipendi, nisiseme uongo. Wameupaka rangi mpaka yule fukara mwenyewe haonekani. Ya Kidjo naisikiliza nikiwa peke yangu, maana sauti ile ni ya mtu ambaye akikosa mahari atakwenda kumchukua mchumba hivyohivyo, na ukweni watamfungulia mlango. Ya Makeba, basi, ya Makeba siwezi kuisikiliza bila kumsikia Babu akicheka juu yake. Makeba alipofariki kule Italia, Novemba 2008, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani, Babu alizima redio, akaifunika cherehani kwa khanga kuukuu na kwenda msikitini kabla hata ya adhana. Jioni akiwa na kikombe chake cha kahawa akasema, "Mungu ampumzishe. Kaoa dunia nzima, mahari hajatoa hata senti."

Niliwahi kumuuliza, nikiwa sekondari na najiona mjuaji, kama kuimba wimbo wa mtu mwingine si wizi. Akanitazama juu ya miwani. Akasema wao enzi za ujana wao walikuwa wanaimba Kihispania na hawajui hata neno moja, wanayatamka tu kama kasuku. Ndizo zile sahani za santuri za mfululizo wa GV zilizotuletea Wakuba, na muziki ule ukawaingia vijana mpaka Morogoro huko Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Morogoro na Kuba, wapi na wapi! Babu alisema mtu anamletea shati la marehemu baba yake, anamwambia, "Fundi, nishonee kama hili." Ukilishona kama lile, alisema, halimkai. Kisha akaniomba nimtungie uzi kwenye sindano, macho yalikuwa yameanza kumgomea.

Yeye mwenyewe alikuwa na kopi yake. Penye "mali sina" alikuwa anaimba "mali nusu ninayo", kwa sauti ya kutosha ifike uani. Bibi akisikia anasonya. Nilichelewa kujua kwa nini. Mahari yao yalikuwa shilingi 200. Babu akatanguliza 80, wakaozeshwa, na zile 120 zikabaki kuwa ahadi. Ahadi ikakaa zaidi ya miaka hamsini. Watoto saba, wajukuu sijui wangapi, na kila Malaika ikipigwa redioni mzee anakumbusha kwamba nusu anayo, wakati hesabu inaonyesha hata nusu yenyewe haijafika.

Mimi ndiyo niliyojifunza, hiyo ya nusu. Darasa la tatu tukaambiwa kila mtu aimbe wimbo anaoujua, nikasimama nikaimba kwa kujiamini kabisa. Mwalimu akanisimamisha katikati, akanisahihisha mbele ya wenzangu. Nilirudi nyumbani nalia. Babu akasema mwalimu huyo amejifunza kwenye redio, mimi nimejifunza kwa mwenye wimbo, asinibabaishe. Nikaamini. Mpaka leo, Mungu anisamehe, nikimsikiliza Fadhili William naona kama yeye ndiye aliyekosea maneno.

Na kuna jambo jingine ambalo hakuna bendi itakayoliweza. Babu alikuwa anaimba kwa mwendo wa miguu. Cherehani ikienda, wimbo unaenda. Akifika pembeni mwa kitambaa, anainua mguu wa cherehani, anageuza nguo, na wimbo unasimama hapohapo hata kama neno limekatika katikati. "Mala..." kimya, anageuza, anashusha, "...ika." Kwa hiyo mimi Malaika naijua na vituo vyake. Kila anayeiimba naona ana haraka. Yule dada wa Kijitonyama pia, kwa uzuri wake wote, naye alikuwa na haraka.

Siku tuliyomzika, kabla jeneza halijatoka, mjomba alisimama barazani akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu ajitokeze, watoto wapo, deni litalipwa. Watu kimya. Halafu kutoka ndani, kwenye majamvi ya wanawake, ikasikika sauti ya Bibi.

"Mimi namdai. Shilingi mia moja na ishirini."

Mjomba hakujua aangalie wapi. Wazee wawili watatu waliokuwa wanajua hadithi wakainamisha vichwa, na nina hakika hawakuwa wanalia. Bibi akaongeza, "Nimesamehe. Mchukueni mume wangu." Hapo ndipo nilipolia mimi.

Basi jana Jumapili nikapanda daladala mpaka Magomeni kumpelekea habari ya yule dada. Bibi alikuwa uani, ungo mapajani, anachambua mchele. Nikakaa kwenye kigoda nikamweleza: bustani, bendi, msichana mdogo tu, na neno alilolibadilisha.

"Kasemaje?"

"Ungenioa, Bibi."

Akatoa kijiwe kimoja, akakitupa. "Anayeimba ni huyo msichana?"

"Ndiyo."

"Na mali sina kasema vilevile?"

"Vilevile."

"Sasa mali hana nani?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Usiku kucha nilikuwa nafurahia kwamba kesi ya Babu imepata hukumu, kumbe dada wa watu kaziba tundu moja kafungua jingine. Akiimba "ungenioa" halafu mali hana yeye, basi ni bi harusi aliyekosa mahari, na wimbo mzima unabaki unaning'inia. Babu angelila hilo wiki nzima. Angewaita wateja barazani wampe maoni yao. Nguo za watu zingechelewa.

"Kaharibu," Bibi alisema, akaendelea na mchele.

Nikatoa simu nikamwekea ya Fadhili William, sauti ya juu kwa sababu siku hizi sikio la kushoto halisikii vizuri. Vidole vyake viliendelea kutembea kwenye ungo, vinasukuma, vinatenga. Kufika katikati ya beti vikasimama. Havikuwa vimekutana na kijiwe, mimi nilikuwa natazama. Vikasimama kwa muda ule wa mtu kuinua mguu wa cherehani, kugeuza nguo na kuushusha, na mimi pia pumzi nilikuwa nimeibana. Simu haikutungoja. Ilikuwa imeshafika mbali.

Bibi akapeta ungo mara mbili.

"Toa hiyo," akasema. "Niwekee ile ya yule mama anayeoa."