Tauni ya Konstantinopoli na bei za Laleli

Nilikwenda Istanbul kufuata jinzi, si magofu. Wenzangu wa Kariakoo wanaokwenda Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla, wanajua hali ilivyo: duka hadi duka, ngazi za maghala juu na chini, jioni miguu imevimba. Safari hii bei ziliniudhi kuliko kawaida. Lira inaporomoka, lakini mwenye duka anakupigia hesabu kwa dola, na bei aliyokutajia asubuhi jioni anakana kuijua. Chai wanakupa bure, halafu unaikuta ndani ya bei ya suruali. Chumba cha hoteli kilikuwa finyu, ukifungua begi mlango haufunguki, na kwa pesa ile kwetu Lushoto ningelala wiki nzima na kuchemshiwa maji ya kuoga.

Ya manunuzi sina la kusimulia. Nataka kusimulia siku mzigo ulipokwama. Watu wa kago walisema ndege imejaa, nisubiri, na kilo imepanda bei. Nikabaki sina kazi, nina hasira tu.

Kijana aliyekuwa akinitafsiria ni Mkongo wa Bukavu, anasoma historia chuo kikuu huko huko, na karo anaitafuta kwa kutembeza wafanyabiashara. Kituruki anakiongea kama wenyewe. Akaniambia, "Mukubwa, leo kazi hakuna. Twende nikuonyeshe fasi walikuwa wanatupa maiti."

Nilidhani ananitania. Tukapanda tramu mpaka Eminönü, tukashuka kuvuka daraja la Galata kwa miguu. Hapo ndipo siku ilipoharibika. Mkongo alibaki nyuma kununua mkate wa ufuta. Mbele yangu akapita mpiga kiwi na sanduku lake begani, brashi ikamdondoka, naye akaendelea na safari kama hakusikia. Nikaiokota, nikamkimbilia. Jamani, ile shukrani! Mkono kifuani, machozi karibu yamtoke. Akaweka sanduku chini, akanishika mguu, akaanza kupiga kiwi viatu vyangu. Nikamwambia hapana. Akasema kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba ni zawadi, sisi ni ndugu, Afrika ni nzuri. Kiatu cha pili kilipofika katikati akaanza habari za mtoto wake aliyelazwa Ankara. Alipomaliza akataja bei, na ile bei ingeninunulia viatu vingine Karume, vya mtumba lakini vizima. Nikakataa. Akapaza sauti. Mwenzake mwenye sanduku kama lile akasogea. Wavuvi waliojipanga na fimbo zao hawakugeuza hata shingo, kumbe mchezo wanauona kila siku. Mkongo akaja mbio, akawatolea Kituruki kirefu, nikaishia kulipa robo ya walichotaka. Mimi, mtu wa Kariakoo, niliyezaliwa mlimani lakini nimekulia Msimbazi! Mkongo akacheka mpaka akakaa chini. Hiyo brashi, akasema, inadondoka hapo mara ishirini kwa siku.

Basi nilifika Galata nimenuna. Mnara upo, mzuri, foleni ndefu, na bei ya kupanda ilinitosha kuutazama nikiwa chini. Mkongo akasema mnara huu si ule aliotaka kunionyesha. Huu waliujenga Wagenoa, wafanyabiashara wa Genoa ya Italia, mwaka 1348, mwaka mmoja tu baada ya tauni ile kubwa ya pili kuingia mjini. Ya kwanza ilikuwa 542, zamani za Justinian, mfalme wa Warumi, Istanbul ikiitwa Konstantinopoli na mahali hapa pakiitwa Sykai, pana ngome yenye minara yake.

Mwandishi Procopius alikuwepo, akaandika aliyoyaona. Mwanzo kila mtu alizika wake. Kisha makaburi yakajaa, wakachimba popote palipochimbika. Wachimbaji nao wakazidiwa, wakapanda minara ya ngome ya Sykai, wakang'oa mapaa, wakatupia maiti ndani ovyo ovyo, halafu wakarudishia mapaa. Upepo ulipotoka upande huo harufu iliingia mjini kote. Anasema siku mbaya walikufa watu 10,000, na zaidi. Mwingine, Yohana wa Efeso, anasema wahesabuji waliowekwa bandarini na milangoni walifika 230,000 wakaacha kuhesabu. Wapo wanahistoria wa leo wanaoona hesabu hizo zimetiwa chumvi, na Mkongo alinieleza ugomvi wao kwa urefu ambao sikuuomba.

Kilichonishtua si hesabu. Ni pale aliponieleza dalili: homa isiyotisha siku ya kwanza, halafu uvimbe kinenani, kwapani, wengine pembeni ya sikio. Nikamkatiza. "Mitoki," nikamwambia. "Hiyo naijua."

Sisi Wasambaa wa Lushoto tauni hatukuisoma shuleni. Ilizuka kwetu mwaka 1980, ikawa inakuja na kuondoka miaka zaidi ya ishirini. Nilikuwa mtoto. Mahindi tulihifadhi darini, juu ya moshi wa jiko, na panya waliishi humo humo. Ukiona panya anatoka mchana anapepesuka, au anadondoka kutoka darini amekufa, bibi alitutoa ndani ya nyumba usiku huo huo. Hakujua habari za viroboto, alijua panya akifa mtu anafuata. Watoto tuliolala chini ndio tulioumwa zaidi. Bwana afya alikuja na dawa ya kupulizia na mitego; nusu ya kijiji walimsikiliza, nusu wakasema ni mkono wa mtu. Binamu yangu alivimba mtoki Jumatatu, wakamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, yuko hai mpaka leo na anauza kabichi. Huko Konstantinopoli sindano haikuwepo. Justinian mwenyewe alivimba mtoki, akapona bila kujua kwa nini.

Mkongo alinyamaza, nadhani kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Vidudu vyenyewe, akasema baadaye, vimepatikana kwenye meno ya watu waliozikwa karne hiyo Aschheim, Ujerumani. Ni tauni ile ile.

Tukashuka ufukweni, tukala samaki ndani ya mkate (ghali, na miba yake yote). Hapo akanionyesha maji. Mji huu, akasema, haukujilisha. Ngano ilitoka Misri, meli kwa meli kutoka Alexandria, na upepo wa kaskazini ulikuwa ukizizuia mlangoni mwa Dardanelles, mkondo wa bahari wa kuujia mji, mpaka Justinian akajenga ghala kubwa kisiwani Tenedos zishushe huko. Ugonjwa ulianza kuonekana Pelusium, Misri hiyo hiyo, mwaka 541. Penye ngano pana panya. Mwaka uliofuata umefika mjini. Procopius aliona kwamba daima ulianzia pwani kisha ukapanda bara, ila panya hakumtaja.

Tena hali ya hewa ilishawaharibia kabla. Mwaka 536 jua liliwaka mwaka mzima bila nguvu, kama mwezi. Siku hizi barafu za kaskazini na pete za miti zimeeleza sababu: volkano zililipuka mwaka huo, na tena 540, moshi wake ukafunika anga, baridi ikakaa miongo mingi. Justinian alikuwa ameshaitwaa Afrika ya Kaskazini kutoka kwa Wavandali, kabila la Kijerumani, majemadari wake wamo Italia, Waajemi wameuchoma mji wake wa Antiokia, huko Shamu. Vita vinataka askari na kodi, na vyote viwili vinatoka kwa mkulima. Mkulima akifa? Procopius anasema aliyebaki hai alidaiwa kodi yake na ya jirani aliyekufa. Hapo nilicheka peke yangu, maana nina jirani dukani amefunga biashara na bado wanamdai.

Tauni ilirudi 558, ikaendelea kurudi kwa karne mbili. Italia ikaingiwa na Walombardi, kabila jingine la Kijerumani, 568. Majeshi ya Kiislamu yalipofika Shamu na Misri yalikuta dola iliyochoka, ingawa ugonjwa haukuchagua upande: Abu Ubayda, jemadari wao, alikufa kwa tauni ya Amwas huko Shamu, naye Khalifa Umar aligeuza safari njiani. Kisa hicho sheikh wetu alikisoma sana mwaka 2020, wakati kago yangu imekaa bandarini miezi na mimi nikiuza barakoa badala ya jinzi. Wakati ule nilikisikiliza kwa sikio moja.

Usiku, miguu juu ya begi maana sakafu haikuwa na nafasi, nilimpigia dada yangu Lushoto. Nikamuuliza mvua. Akasema imezidi, mahindi yako darini, panya wapo, paka amezaa. Nikamuuliza kama wanaanguka. Akanuna: "Umekwenda Uturuki kuniuliza panya?"

Kesho yake nikalipana na Mkongo. Akataja kiasi kikubwa kuliko tulichokubaliana. Eti siku ya Galata haikuwa ya tafsiri, ilikuwa ya elimu. Nikamkumbusha alichonieleza mwenyewe: kwamba mwaka 544, mafundi, mabaharia na vibarua waliobaki hai walipoanza kudai ujira mara mbili na mara tatu, Justinian alitoa sheria warudi kwenye bei za zamani, na atakayekaidi alipe hazina mara tatu.

"Na walirudi?" nikamuuliza.

"Justinian alishakufaka, mukubwa," akasema, mkono umenyooshwa. "Leta dola."