Pima ya Nani?

Nilipomaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa ya kuringia, nikabaki nyumbani Mbagala. Mama mkubwa akanipeleka kwenye ushirika wao wa mikeka. Kusuka sikujua, walichotaka ni katibu. Nikapewa daftari na kalamu.

Ukindu, majani ya mkindu, ulitoka Rufiji kwa basi, umefungwa mitita. Unachanwa, unachemshwa na rangi, unaanikwa, kisha kila mmoja anasuka kwake ukili, ule mkanda mrefu unaoshonwa kuwa mkeka, katikati ya kupika na kunyonyesha. Jumamosi wanauleta, naandika: fulani pima kumi, fulani saba. Malipo yalifuata pima. Na pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kila mtu alijipimia.

Ramadhani ilipokaribia, mfanyabiashara wa Kariakoo akaagiza misala 20, mikeka ya kuswalia. Daftari likasema ukili unatosha. Mshonaji akafika msala wa 17, akaweka chini shazia, sindano yake ya mikeka. Ukili umekwisha.

"Katibu, umeula?"

Wakacheka. Mimi jasho. Nikarudia hesabu mara tatu, ikatoka ileile.

Ndipo akainuka mama mmoja mrefu, wa kuchuma maembe bila upembo. Akachukua bunda la ukili alilokuja nalo mwenzake mfupi siku hiyo, akalipima kwa mikono yake. Kumi zikawa nane na kidogo.

"Miaka yote tunalipwa sawa!"

"Mikono kanipa Mungu, dada. Nimeiba nini?"

Pakachafuka. Madeni ya mikeka iliyouzwa zamani yakafufuliwa. Mama mkubwa akagonga sufuria la rangi kwa mwiko.

"Asiye na ukili ndiye apime. Wewe, simama."

Nikanyoosha mikono, wakakata kamba ya katani sawa na pima yangu, wakaitundika mlangoni. Tepu ya fundi cherehani ilikuwa nyumba ya pili tu. Hakuna aliyeitaja, hata mimi niliyesoma.

Misala mitatu iliyobaki ilikamilishwa kwa kukesha. Yule mrefu hakuwepo, wala Jumamosi mbili zilizofuata. Ya tatu akaja na bunda lake, hakusalimia mtu. Akaitungua kamba, akailinganisha na mikono yake. Ikapungua shibiri nzima.

"Kumbe katibu naye mfupi," akasema, akavuta jamvi akakaa.

Nikaandika pima zake. Zilikuwa kumi na moja.