Stata inazungusha injini, gari haliwaki

"Gari haliwaki" ni maneno yanayotumika kwa magonjwa mawili yasiyofanana. Ukigeuza ufunguo ukasikia "tak" moja, au kimya kabisa, tafuta kwenye betri, stata na waya zake. Hapa ninazungumzia lile ambalo stata inazungusha injini vizuri tu, ila injini haishiki.

Injini ya petroli inataka mafuta, cheche na kompresheni (nguvu ya pistoni kubana hewa ndani ya silinda), na kila kimoja kifike kwa wakati wake. Kinachowala watu pesa ni kununua spea kabla ya kujua kipi kati ya hivyo kimekosekana. Leo plagi, kesho pampu, keshokutwa koili (kinachozalisha umeme wa cheche), na gari bado limelala palepale.

Anza na sikio, maana halina gharama. Injini iliyo nzima huzunguka kwa mdundo: kila pistoni inapobana hewa, stata inalemewa kidogo, halafu inaachiwa. Ukisikia stata inakimbia laini, haraka kuliko kawaida, bila mdundo wowote, acha kupiga hapo hapo. Huenda mkanda wa taimingi, unaofungamanisha mzunguko wa vali na wa pistoni, umekatika, na kwenye injini nyingi vali zilizobaki wazi hugongwa na pistoni, kwa hiyo kuendelea kupiga stata ni kuongeza hasara. Fungua kifuniko cha kutilia oili, mwenzako aguse stata kidogo tu. Kwenye injini nyingi utaona kamshafti (shafti inayofungua vali) au cheni yake humo ndani. Isipozunguka, jibu umepata. Ikizunguka na bado una shaka, pima kompresheni: toa plagi zote, zima mafuta na cheche, kanyaga pedali ya mafuta hadi chini. Injini nyingi nzima husoma kati ya bar 10 na 13, na silinda zisipishane sana.

Stata ikizunguka kwa uvivu, usidharau betri eti kwa sababu injini inazunguka. Betri iliyojaa na kutulia inasoma takriban volti 12.6. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6. Ikishuka zaidi, stata inaweza kuendelea kujikokota huku kompyuta ya injini imekosa umeme wa kufanya kazi yake. Na usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzishe kama dakika moja, la sivyo utaunguza stata uliyokuwa nayo nzima.

Sasa tazama dashibodi. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini lazima iwake. Isipowaka, kompyuta huenda haina umeme, kwa hiyo kagua fyuzi, rilei kuu na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini. Taa ya imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo) ikimetameta haraka, ufunguo haujatambuliwa. Jaribu ufunguo wa pili kabla ya kufungua chochote. Gari linaloshika sekunde moja au mbili kisha likazima ghafla, kila mara vilevile, nalo shuku imobilaiza kwanza.

Sensa ya krenki, inayosoma mzunguko wa shafti kuu ya injini, ndiyo inayopoteza watu zaidi, kwa hiyo niikalie kidogo. Bila mapigo yake, kompyuta haijui kama injini inazunguka. Basi haitoi cheche, haifungui injekta (vinavyonyunyizia injini mafuta), na pampu ya mafuta nayo huzimwa baada ya zile sekunde chache za mwanzo. Kitu kimoja kimekufa, lakini ukipima utadhani vimekufa vitatu. Unganisha mashine ya daignosi, fungua data za moja kwa moja, utazame mizunguko ya injini huku stata ikizungusha. Ikisoma kati ya 150 na 250 kwa dakika, sensa inaongea. Ikibaki 0, shuku sensa, waya wake au meno inayoyasoma. Msimbo wa hitilafu wa sensa hiyo, P0335, ukitokea ni vizuri, lakini mara nyingine kompyuta hairekodi kitu, ndiyo maana mimi naamini ile namba kuliko misimbo. Sensa yenye waya mbili kwa kawaida hupimwa kwa omu (ukinzani wake). Ya waya tatu usiipime hivyo, pima umeme unaoingia na ishara inayotoka. Kama gari linazima likishapata moto na kuwaka likipoa, mwagia sensa maji baridi kidogo. Likiwaka mara moja, mwizi umemkamata.

Mashine isipoweza kabisa kuongea na kompyuta ingawa umeme upo, pima ile laini ya volti 5 inayolisha sensa. Sensa moja iliyopiga shoti huiangusha laini nzima. Chomoa sensa moja moja hadi volti 5 zirudi.

Kwa cheche, tumia kifaa cha kupimia cheche, si kushika waya kwa koleo. Umeme wa koili unavuka volti 20,000. Silinda zote zikikosa cheche kwa pamoja, usinunue koili nne. Koili zinazojitegemea hazifi zote siku moja. Tafuta kinachozilisha: fyuzi, rilei, sensa ya krenki. Plagi uliyoitoa nayo inasema kitu. Ikiwa kavu baada ya kupiga stata mara kadhaa, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yapo ila hayachomwi, au injini imefurika. Kwa injini ya injekta iliyofurika, kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini na upige stata sekunde 5 hadi 10. Kompyuta nyingi hapo hukata mafuta na kuacha hewa ikaushe silinda.

Upande wa mafuta, washa swichi usikilize kwenye tangi. Magari mengi yanatoa mvumo wa sekunde 2 au 3. Kukiwa kimya, badilishanisha rilei ya pampu na ya honi kama namba zinafanana. Kisha pima umeme kwenye soketi ya pampu kwa taa ya majaribio, maana waya uliooza huonyesha volti 12 kwenye mita lakini hauwezi kuwasha balbu. Mvumo peke yake haukuhakikishii presha. Funga geji: mifumo mingi ya injekta za kwenye manifoldi hutaka bar 3 hadi 4.

Vitu vyote vitatu vikiwepo na bado hola, nusa petroli kama imechanganyika na dizeli, soma joto la maji kwenye mashine (ikionyesha nyuzi -40 sensa inadanganya na injini inamwagiwa mafuta kupita kiasi), kagua kama mkanda wa taimingi umeruka jino, kisha ushuku njia ya moshi iliyoziba. Toa sensa ya oksijeni iliyo kabla ya katalisti (kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi) upige stata. Gari likiwaka kwa kelele kupitia tundu hilo, katalisti au bomba lililo baada yake ndilo limeziba.