Cheche 287, saa ya 611

Ni usiku wa Jumapili na usingizi umegoma. Gari liko nje, ni langu, karatasi zote zimesainiwa, na badala ya kwenda kulitazama kwa mara ya nne nimekaa hapa najibizana kimoyomoyo na mzee aliyeniuzia, ambaye pengine mwenyewe ameshalala zamani.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Nilimpa karatasi iliyotoka kwenye kompyuta ya injini, nikaweka kidole kwenye mstari wa nne, nikamuuliza, "Mzee wangu, hii ilikuwaje?" Akavaa miwani. Akasoma taratibu, kisha akairudisha karatasi upande wangu.

"Binti yangu," akasema, "injini hii imefanya kazi saa 1,840. Wewe unaniuliza habari za sekunde moja."

Nami nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Lakini sekunde hiyo ndiyo ninayoambiwa niinunue."

Kaka, niliyekwenda naye kuikagua injini, alicheka kidogo. Mzee hakucheka. Alivua miwani, akasema, "Basi punguza unavyoona ni haki." Nikataja kiasi nilichokuwa nimekipanga tangu asubuhi, akakubali papo hapo, bila kubishana hata neno moja. Mwiba uliingia hapo. Angebisha, leo ningelala.

Mlionifuata tangu mwanzo mnajua nimelitafuta gari hili kwa muda gani. Porsche 911 ya toleo la 997, gia za mkono, lile lililorudishiwa taa za duara mwaka 2004. Na mnajua niliapa, baada ya kile kisa cha pampu ya maji, kwamba sitanunua chochote kabla Kaka hajaisoma kompyuta ya injini.

Wengi mliniuliza inasomwa nini humo, kwa hiyo nieleze. Kompyuta hiyo inakumbuka kila mara injini ilipozungushwa kupita kikomo chake. Haihesabu matukio wala dakika, inahesabu cheche za plagi. Injini ina silinda 6, na katika kila mzunguko mmoja wa shafti plagi 3 zinawaka. Ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, hizo ni cheche 24,000 kwa dakika, yaani 400 kwa sekunde. Hesabu hiyo inagawanywa katika ngazi 6, kuanzia ile iliyopita kikomo kidogo tu hadi ile inayomfanya fundi anyamaze na kuanza kufunga vifaa vyake. Tena inaandikwa injini ilikuwa imefanya kazi kwa jumla ya saa ngapi tukio la mwisho la kila ngazi lilipotokea. Haifutiki kwa kuosha gari wala kwa kubadilisha mafuta.

Ngazi za mwanzo hazinitishi. Mtu amekanyaga mafuta mpaka mwisho, kompyuta ikayakata, injini ikajizuia yenyewe. Ngazi ya 4 ni habari nyingine. Huko mguu haukufikishi, mkono ndio unaokufikisha. Uko gia ya 3, unaitaka ya 4, mkono unavutika kushoto kidogo, unaingia ya 2, na unaachia klachi. Hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kompyuta haina namna ya kuyazuia magurudumu. Injini iliyokuwa kwenye 5,500 inarushwa karibu na 8,000 kwa kufumba na kufumbua. Ikizidi zaidi ya hapo, springi zinashindwa kuirudisha valvu kwa wakati, pistoni inaikuta njiani, valvu inapinda. Au bolti za konrodi, ile mikono inayounganisha pistoni na shafti, zinavutika kimyakimya na zisiseme neno siku hiyo.

Kwenye karatasi yangu, ngazi ya 5 na ya 6 zilikuwa sifuri. Ngazi ya 4: cheche 287, saa ya 611.

Nilizipigia hesabu nikiwa bado nje kwake, nimeegemea ukuta. 287 gawanya kwa 400 haifiki hata robo tatu ya sekunde. Kwa hiyo mzee aliposema sekunde moja hakupunguza kitu, alijiongezea mzigo.

Na Kaka alikuwa ameshamaliza kazi yake. Alitoa plagi zote 6. Alipuliza upepo wa kompresa katika silinda moja baada ya nyingine, valvu zikiwa zimefungwa, akaangalia geji ni kiasi gani kinavuja, akategesha sikio kwenye ekzosi na kwenye njia ya hewa, maana valvu iliyopinda haishiki vizuri na upepo unapita ukilia. Haukulia popote. Akaingiza kamera ndogo, akazikagua kuta za silinda, hazina michirizi. Mimi nikafanya ya kwangu: kilomita 92,400 gawanya kwa saa 1,840, wastani wa kilomita 50 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa gari lililoishi maisha ya kawaida, na ni ushahidi kwamba mita ya kilomita haijachezewa. Tangu saa ile ya 611 zimepita saa 1,229. Kwa wastani huohuo ni zaidi ya kilomita 60,000 ambazo injini imekwenda bila kulalamika.

Yote haya niliyajua kabla sijaweka kidole kwenye ule mstari. Sikuwa na hofu. Niliichukua ile namba kama rungu, nikampiga nayo mtu mzima, na akainama.

Wiki yenyewe ilikuwa kubwa, dada amejifungua mapacha salama, tumefunga hesabu za mwaka siku mbili kabla ya tarehe, na ile barua ya kazini hatimaye imetoka na jina langu limo. Lakini nikifumba macho naiona miwani inavuliwa.

Nimeyarudia maneno yangu kwa kila namna. Kwa sauti ya upole. Kwa kuanza na "samahani, mzee". Kwa kutosema kabisa ile "ninayoambiwa niinunue", kwa sababu hakuna aliyeniambia niinunue, nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikagonga mlango wake. Nimejiuliza pia alisema "sekunde moja" kwa sauti gani. Jana nilikuwa na hakika ilikuwa sauti ya mtu anayekwepa swali. Leo mchana nikaona labda ilikuwa ya mtu aliyechoka kuulizwa. Kaka anasema nimelipa bei ya haki na wauzaji wote wana maneno. Kaka hakuwa amemtazama usoni, alikuwa anakunja waya wa kompyuta.

Halafu kama saa nne usiku nikaamua kupanga makaratasi.

Kuna faili la bluu. Nilisahau kuwaambia habari zake, na hata mwenyewe nililisahau, ndiyo shida yenyewe. Tulipoketi mezani, kabla sijasema lolote, mzee alilisukuma mbele yangu. Sikulifungua. Nililisogeza pembeni ili nipate nafasi ya kutandaza karatasi yangu.

Ndani yake risiti zimepangwa kwa mpangilio wa tarehe, mafuta ya injini, plagi, matairi, brekipedi, kila moja ikiwa na kilomita zilizoandikwa kwa mkono pembeni. Katikati, ndani ya mfuko wa plastiki, kuna karatasi ya kompyuta kama yangu, ila ya zamani, imesomwa injini ikiwa na saa 640. Ngazi ya 4: 287. Saa ya 611. Amezungushia ile namba duara kwa kalamu, na pembeni ameandika, mwandiko ule wa kuinama:

"Mimi. Gia ya 2 badala ya 4. Silinda zote zimepimwa, salama."

Nyuma yake imebanwa risiti ya fundi, na vipimo vya silinda zote sita.

Nililia. Siyo sana, lakini nililia. Alikuwa amenijibu kabla sijauliza. Alikosea, akaenda mwenyewe kuusoma ubaya wake, akaulipia vipimo, kisha akauhifadhi miaka yote hiyo mahali ambapo mnunuzi wa kwanza atakayefungua faili angeukuta. Nami nikaketi mbele yake kama mtu aliyemfumania.

Kisha, sijui niieleze vipi, uzito ukaanza kushuka. Namba zote mbili ni zilezile! 287 ya wakati ule na 287 ya wiki hii, saa ileile ya 611. Maana yake kwa saa 1,200 hivi zilizofuata mkono ule haukukosea tena hata mara moja, si kwa cheche moja. Kazini ningeona hesabu mbili zilizoandikwa miaka tofauti zinakubaliana hivi, ningefunga daftari na kwenda nyumbani kwa amani. Sina gari lenye doa. Nina gari ambalo doa lake lina mwenyewe, na mwenyewe ameliandika kwa mkono wake.

Nikatoka nje na khanga mabegani, nikaketi ndani gizani. Ufunguo kwenye 911 ya usukani wa kushoto kama hii unawekwa kushoto mwa usukani, na mkono wangu bado unautafuta kulia. Sikuwasha. Nilikanyaga klachi, nikaweka gia ya 3, nikaivuta kwenda ya 4 polepole sana. Njia ni nyoofu, inashuka moja kwa moja. Nikairudia, mara hii nikiupinda mkono kidogo kuelekea gotini, na kweli, iko pale pale, ya 2 inaingia laini kabisa, haikukatalii. Mtu mwenye mawazo kidogo tu angeingia. Nilikaa na mkono juu ya gia kwa muda mrefu, na nilikuwa na furaha, furaha ya kweli, ya kwanza tangu nilichukue.

Kesho asubuhi nitampigia mzee. Nitamwambia nimelifungua faili. Kile nilichopunguza nitamrudishia, kama si chote basi kwa mafungu mpaka kiishe. Kaka atasema biashara ikishafungwa imefungwa, na atakuwa na haki yake, lakini yeye si aliyesema yale maneno. Ninachokiogopa ni mzee kukataa. Ana sauti ya mtu atakayekataa.

Nilipaswa kuishia hapa, ila niliporudi ndani nimekuta ujumbe wa mama. "Ukipata nafasi nipigie. Uwe peke yako." Mama haandiki, mnamjua, mama anatuma sauti za dakika tano na ndani yake anaongea na majirani. Leo ameandika, tena na nukta. Yuko kwa dada, anawaangalia watoto. Nimempigia mara mbili, simu inaita mpaka inakatika. Itakuwa amelala. Dada sitaki kumpigia saa hizi, asije akashtuka na wale watoto ndio kwanza wamepata usingizi. Mchana aliniambia mdogo, yule wa pili kuzaliwa, hanyonyi vizuri.