Tabaka Uingereza: mshahara ndio kipimo dhaifu kuliko vyote

Chukua dereva wa treni na kasisi wa parokia ya Kanisa la Uingereza, mwaka 2023. Dereva alikuwa akipata takriban pauni 60,000 kwa mwaka kabla ya kodi. Kasisi alipata posho isiyofika pauni 30,000, akaongezewa nyumba ya kanisa ya kuishi. Sasa fungua jedwali la matabaka la Ofisi ya Taifa ya Takwimu: kasisi yuko daraja la 1, la juu kabisa, dereva yuko daraja la 5. Waliotunga jedwali hawakukosea hesabu. Mshahara haumo kabisa katika kanuni yao.

Ndiyo maana ubishi kuhusu kinachoamua tabaka la mtu Uingereza, "kipato au utamaduni", huwa haufiki popote. Wanaobishana huchukulia kwamba kuna vitu viwili tu vya kuchagua, kumbe viko vinne: mshahara wa mwaka huu, aina ya mkataba wa kazi, mali ya familia, na yale mambo ya lafudhi, mavazi na shule uliyosoma ambayo watu huyaita utamaduni. Kwa maoni yangu mshahara ndio unaosema machache zaidi. Utamaduni una nguvu, ila nguvu yake haiko sawa kila mahali. Kwa anayehangaika na kodi ya nyumba hauongezi wala kupunguza kitu. Kwa anayegombea kiti cha ubia katika kampuni ya sheria jijini London unaweza kuamua kila kitu.

Jedwali la serikali linavyofanya kazi

Kanuni ya sasa ya takwimu za taifa ilianza kutumika mwaka 2001, ikachukua nafasi ya ile ya zamani iliyotokana na sensa ya 1911. Hatua zake ni hizi. Kazi yako hupewa namba ya tarakimu nne kutoka orodha ya kazi ya taifa. Toleo la 2020 lina makundi 412. Jina la kazi halitoshi, kwa hiyo hojaji makini huuliza pia unafanya nini hasa ukiwa kazini. Kisha huulizwa hadhi yako: umeajiriwa, umejiajiri mwenyewe, au una watu uliowaajiri. Huulizwa ukubwa wa shirika, kwa sababu mwajiri wa watu wanane hawekwi kapu moja na mwajiri wa watu mia tatu. Mwisho, kama umeajiriwa, huulizwa iwapo unasimamia wengine. Majibu haya yakiunganishwa, unaangukia moja ya madaraja manane: la 1 ni la wakuu na wataalamu wa juu, la 7 ni la kazi za kujirudia kama za udereva wa lori, na la 8 ni la wasiowahi kufanya kazi pamoja na wasio na ajira kwa muda mrefu.

Kwa nini mshahara ukaachwa nje? Mantiki ni ya mwanasosholojia John Goldthorpe wa Oxford. Alitazama namna mwajiri anavyomfunga mfanyakazi wake. Anayepakia makasha ghalani anaweza kuhesabiwa makasha, basi analipwa kwa saa au kwa kiasi cha kazi, na kazi ikipungua anaambiwa asije kesho. Mwanasheria au mhandisi hawezi kuhesabiwa hivyo. Ana ujuzi ambao bosi mwenyewe pengine hana, na hakuna wa kumsimamia kila dakika. Huyo hufungwa kwa ahadi: nyongeza ya kila mwaka, pensheni, notisi ndefu, nafasi ya kupanda cheo. Tofauti hiyo ndiyo tabaka, kwa jinsi Goldthorpe anavyoliona. Watu wawili wanaweza kupokea pauni 32,000 mwaka huu huu, mmoja akiwa kwenye ngazi anayoendelea kuipanda na mwingine akiwa amefika kileleni mwa yake. Benki inayotoa mkopo wa nyumba inaelewa jambo hili vizuri kuliko wachambuzi wengi wa magazeti.

Makosa hutokea sehemu zilezile kila mara. La kwanza ni vyeo vya kupambwa: "meneja wa zamu" anayepiga deki na kufungua mlango asubuhi huandikwa meneja, na ghafla eneo zima linaonekana limepanda tabaka. Dawa yake ni lile swali la kazi yenyewe na lile la usimamizi. La pili ni wastaafu, ambao huachwa bila daraja au hutupwa la 8, ilhali wanatakiwa kuwekwa kwa kazi yao kuu ya mwisho. La tatu ni kaya. Mume ni dereva wa lori, daraja la 7. Mke ni nesi, daraja la 2. Familia hiyo ni ya tabaka gani? Takwimu humchagua mtu mmoja wa kuwakilisha kaya, na ukibadilisha kanuni ya kumchagua, watoto wanahama tabaka bila chochote kubadilika mezani kwao.

Watangazaji wa biashara wana mizani yao ya herufi, A, B, C1, C2, D na E, iliyotokana na utafiti wa wasomaji wa magazeti, nayo huangalia kazi ya mwenye kipato kikubwa katika kaya. Inafaa kuuzia sabuni. Mstaafu anayeishi kwa pensheni ya serikali peke yake huangukia E hata kama nyumba anayoishi, London, haina deni na ni yake.

Utamaduni ulipowekwa kwenye mizani

Mwaka 2011 BBC ilishirikiana na wanasosholojia, wakiongozwa na Mike Savage na Fiona Devine, kuweka hojaji mtandaoni. Zaidi ya watu 160,000 walijibu. Waliulizwa kipato, akiba na thamani ya nyumba; waliulizwa wanafahamiana na watu wa kazi gani; na waliulizwa wanapenda nini: muziki wa klasiki, maigizo, makumbusho, michezo ya video, hip-hop, kwenda jimu. Wazo ni la Mfaransa Pierre Bourdieu, kwamba mtu ana mtaji wa fedha, wa kujuana na wa utamaduni. Matokeo ya Aprili 2013 yalitoa matabaka saba, kuanzia vigogo 6% hadi 15% wanaoishi kwa kubahatisha, bila ajira ya uhakika.

Kasoro kubwa ilikuwa kwenye waliojibu. Hojaji ya hiari kuhusu tabaka huvutia wale wanaofurahia kujadili tabaka, yaani wasomi na wenye nazo. Katika majibu ya mtandaoni vigogo walikuwa 22%, na wale wa chini kabisa hawakufika hata 1%. Watafiti walilazimika kuongeza sampuli ndogo ya kitaifa ya watu 1,026 ili kusawazisha. Kundi la mwisho likiwa na watu wachache hivyo, kulieleza ni kazi ya kukisia kwa kiasi fulani. Nina shaka nyingine pia: anayependa hip-hop na michezo ya video mara nyingi ni kijana tu. Akifika miaka hamsini ladha zimebadilika, tabaka lipo palepale. Mizani hiyo ilichanganya umri na tabaka.

Walipata jambo moja la maana, nalo limesahaulika kwa sababu ya kelele za yale majina saba: walihesabu akiba na nyumba. Hapo ndipo fedha inapoongea. Katika kipindi cha Aprili 2018 hadi Machi 2020, 10% ya kaya tajiri zaidi Uingereza zilishika 43% ya mali yote, na nusu ya chini ya kaya zilishika 9%. Mali hiyo hurithishwa kwa ulaini. Kodi ya mirathi ni 40%, lakini mtu ana msamaha wa pauni 325,000, na mwingine wa pauni 175,000 akimwachia mtoto nyumba ya familia. Mume na mke wakiunganisha yao, pauni milioni moja inapita bila kukatwa hata senti. Kwa hiyo walimu wawili vijana wa shule moja, wenye mshahara uleule, wanaachana njia siku mmoja anapopewa na wazazi fedha ya kuanzia kununua nyumba. Mwingine atapanga miaka kumi. Hakuna safu ya mshahara itakayoonyesha hilo.

Viatu vya kahawia

Mwaka 2016 Tume ya Uhamaji wa Kijamii, chombo cha umma kinachofuatilia watu wanavyopanda na kushuka matabaka, ilitoa ripoti kuhusu ajira katika benki za uwekezaji za London. Humo ndimo lilimotoka jambo la viatu: kijana aliyekuja na suti na viatu vya kahawia alionekana hajui taratibu. Nyeusi ndiyo inayotakiwa. Tai yenye rangi za kupiga kelele nayo ilimharibia mtu, hata kama majibu yake yalikuwa makali. Kanuni hizi haziandikwi popote. Aliyelelewa kwenye nyumba ambayo baba alivaa suti kwenda kazini anazijua bila kufundishwa, na aliyezikosa haambiwi kosa lake. Anaambiwa tu kwamba "hajaiva", au kwamba hafanani na timu.

Lafudhi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Watafiti wakiongozwa na Devyani Sharma wa Chuo Kikuu cha Queen Mary waliwapa zaidi ya watu 800 orodha ya lafudhi 38 wazipange kwa hadhi. Mpangilio haukutofautiana sana na ule uliopatikana miaka hamsini nyuma: Kiingereza cha wenye shule juu, miji ya viwanda kama Birmingham na Liverpool karibu na mkiani.

Athari yake inahesabika. Sam Friedman na Daniel Laurison walichambua takwimu za taifa za nguvu kazi, wakakuta kwamba waliotoka familia za wafanyakazi na wakafanikiwa kuingia kazi za juu hulipwa kwa wastani 16% pungufu ya wenzao waliozaliwa humo. Sehemu ya pengo inaeleweka: vyuo walivyosoma, kuwa London au nje yake, ukubwa wa kampuni. Ukiyaondoa hayo yote, pengo linapungua lakini halifungiki.

Lakini utamaduni huo unauzwa. Ada ya Eton, shule ya binafsi ya bweni yenye jina kubwa, katika mwaka wa masomo 2024/25 ilipita pauni 50,000 hata kabla ya VAT ya 20% iliyoanza Januari 2025. Yule dereva wetu wa treni, kodi ikishakatwa, hana uwezo wa kumlipia mtoto mmoja. Shule za binafsi husomesha takriban 7% ya watoto, na mwaka 2019 asilimia 65 ya majaji wakuu walikuwa wametoka humo. Ukiona utamaduni unafungua mlango, uliza aliulipia nani, na lini.

Usimuulize mtu tabaka lake

Katika utafiti wa mitazamo ya Waingereza uliotolewa 2016, watu 60% walijiita tabaka la wafanyakazi. Hata miongoni mwa wenye kazi za kitaalamu na za uongozi, 47% walijiita hivyo. Friedman na wenzake waliwahoji wataalamu na wakuu 175, na wakakuta 36 waliolelewa vizuri kabisa lakini wakarukia kwa babu mchimba makaa ili kueleza asili yao. Ni jambo la kuchekesha, ila lina sababu: inapendeza kuonekana umepanda kwa juhudi.

Kwa hiyo mwajiri anayetaka kujua wafanyakazi wake wametoka wapi atumie swali linalopendekezwa na ile Tume ya Uhamaji wa Kijamii: ulipokuwa na umri wa miaka 14 hivi, mtu aliyeingiza kipato kikubwa nyumbani kwenu alikuwa akifanya kazi gani? Majibu hugawanywa makundi matatu. Wataalamu na mameneja kundi la kwanza. Makarani na wenye biashara ndogo za watu chini ya 25 kundi la kati. Mafundi, wafanyakazi wa kazi za mikono na huduma, na wasio na ajira ya muda mrefu kundi la chini. Kipimo cha taifa cha kulinganishia ni 37%, 24% na 39%. Swali hili ni zuri kwa kuwa linaruka mshahara (watoto hawajui wazazi wanalipwa ngapi) na linaruka hisia.

Linaharibika likitumiwa ovyo. Usiweke "sipendi kusema" ndani ya kundi la chini. Usichapishe matokeo ya idara yenye watu wachache, maana kila mtu atajua ni nani. Usihesabu kampuni nzima kwa pamoja, kwa sababu walinzi na wapishi watapandisha takwimu ya waliotoka kundi la chini wakati meza ya wakurugenzi iko vilevile. Hesabu kwa ngazi ya cheo.

Swali hilo hukwama pia kwa wahamiaji. Viza ya wahudumu wa wazee ilifunguliwa Februari 2022 na kufungwa kwa waombaji wapya wa nje Julai 2025, na kati ya walioingia wamo waliokuwa walimu na wahasibu kwao. Jedwali linawaweka daraja la 6, wazazi wao pengine la 1 au la 2, na jirani anawaweka kwa lafudhi tu. Majibu yao yachambuliwe peke yao.

Sheria nayo haimsaidii aliyenyimwa kazi kwa viatu. Sheria ya Usawa ya 2010 inalinda watu kwa rangi, jinsia, dini, umri, ulemavu na mengineyo, tabaka halimo. Kifungu chake cha 1, kinachotaka mamlaka za umma zifikirie tofauti za kiuchumi zinapopanga mambo makubwa, kilianza kutumika Scotland Aprili 2018 na Wales Machi 2021. Hata huko kinazibana mamlaka za umma tu. Benki binafsi hakiigusi.